Mita Mia Mbili Tisini na Nne

Asaa Mbarouk hajui Kijapani.
Anajua mstari.
"Mstari hauna kabila," hunambia,
huku anachonga kalamu kwa wembe,
na vumbi la risasi linamwagikia kikoi.

Kitabu alikiacha mhandisi wa mabomba,
Mjapani aliyelala miezi sita nyumba ya wageni ya Serikali,
akala pweza, akaugua, akapona, akaondoka.
Ndani yake manowari:
moja, kumi, ishirini na ushei,
mimba za tumbo moja, zote zimeharibika
ila ya mwisho.

Hii ina mizinga tisa, yote imejazana mbele
kama watu wa safu ya kwanza siku ya Ijumaa.
Hii fupi.
Hii imepunguzwa chuma ubavuni ipate mbio,
kisha ikarudishiwa chuma, ikakosa mbio.
Hii ina mashine za mvuke na za dizeli,
wake wawili jiko moja,
na mtu fulani, kwenye meza fulani,
akavuta mstari juu yake, akasema hapana.

"Ile waliyoijenga," anasema Asaa, "ilizama na watu wake.
Hizi hazijaua hata changu."
Nikadhani maneno yamekwisha.
Nikatafuta viatu vyangu.

Asaa akavuta mtoto wa meza,
akatoa karatasi nyengine, ya buluu,
iliyokunjwa hata ikatoboka kwenye mikunjo:
maghorofa ya Wete, kazi ya mkono wake,
enzi hizo bado ana nywele.
Yaliyochorwa manane.
Yaliyosimama, hesabu mwenyewe ukipita.
"Na haya je?" akaniuliza.

Mwanaache binti Sheha alipewa namba ya mlango
kabla nyumba haijachimbwa msingi.
Karatasi ina muhuri.
Ameitia mfuko wa nailoni, iko chini ya godoro,
chumba kimoja kwa wakwe, watoto wanne,
na masika, sufuria tatu sakafuni
zinapokea matone.

Jumatatu moja Asaa akaniita nishike kamba.
"Ile ya kwanza, ndefu kuliko zote. Nataka kuiona."
Tukaanzia ukuta wa ghala la karafuu: hapo omo.
Tukapita duka la Shaame, tukaruka mtaro,
tukakata uwanja wa skuli katikati ya mchezo,
golikipa akatupisha.
Kinyozi Hamad, bila habari,
alikuwa ananyoa mtu chini ya mzinga wa inchi kumi na nane.
Watoto walitufuata. Mbuzi mmoja pia.
Mita mia mbili na tisini, na tezi bado.

Mwanaache akatoka na unga mikononi.
"Asaa! Mnapima?"
"Tunapima."
"Ndo yanajengwa?"
Kamba nimeikaza mimi, inanikata vidole.
Asaa akatazama juu, pale patupu
ambapo yeye peke yake alikuwa anaona chuma.
"Yangu ghorofa ya ngapi?"
"Ya tatu," akasema.
"Upande wa upepo."

Nilimlaumu njia nzima. Hakujitetea.
Aliisokota kamba kiwikoni, duara juu ya duara,
kama mtu anayehesabu tasbihi kisha akasahau alipofika.

Usiku umeme ulikatika. Nilimkuta kwa taa ya chemni,
kitabu cha Mjapani kimelazwa wazi.
Ubavuni mwa manowari, penye chuma kinene kuliko pote,
alikuwa anakwangua wino kwa wembe ule ule,
taratibu, karatasi isitoboke,
anapuliza, anakwangua,
mpaka pakawa peupe.

Hapo akaweka dirisha.
Kipimo cha Serikali: futi nne kwa tatu na nusu.
Chini ya dirisha, waya wa kuanikia nguo,
na kwa herufi za ofisini, zilizosimama wima:
*Bi Mwanaache Sheha. Sebule.*

Akanipa rula.
"Jikoni," akasema, "nichoree wewe.
Macho yangu yamechoka."